Chini ya Mwembe wa Simu

Kijijini kwa shangazi yangu, upande wa Kilosa, upo mwembe unaoitwa Kwa Simu. Ni mwembe wa kawaida tu, embe zake zina nyuzi na watoto hawazigombanii sana. Jina limekuja kwa sababu kwa miaka mingi pale ndipo palikuwa mahali pekee kijijini ambapo mtandao ulishika. Mtu akitaka kuzungumza na mwanawe aliyeko Dar es Salaam alitoka nyumbani, akaenda Kwa Simu, akasimama upande wa shina unaotazama bonde, akainua kidevu kidogo, ndipo akapiga. Na kwa kuwa mtandao wenyewe ulikuwa wa kukatika-katika, ilibidi watu wapaze sauti. Siri za kijiji kile zimemwagwa pale: nani anadaiwa mahari, nani amekopa kwenye kikundi na hajarudisha, mtoto wa nani amerudia darasa.

Mwaka mmoja nilikwenda likizo na laini mbili mfukoni, najiona mjanja wa mjini. Zote zikawa kimya. Kampuni iliyofika pale ilikuwa moja, na haikuwa miongoni mwa zangu. Shangazi akanitazama ninavyozungusha simu hewani kama mtu anayefukuza nyuki, akasema: "Mwanangu, huku sisi hatuchagui mtandao. Mtandao ndio uliotuchagua."

Kauli hiyo ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti jioni hii. Kila baada ya miezi mitatu Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hutoa takwimu za simu, na magazeti huzichapa kwa furaha. Mwishoni mwa mwaka 2023 laini zilikuwa milioni 70 na ushei. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7, pamoja na vichanga walio mgongoni. Yaani tuna laini nyingi kuliko pua za kupumulia. Kampuni iliyoongoza ilikuwa na kama laini tatu katika kila kumi, nyingine mbili ziliifuata kwa karibu, ya nne ikaja nyuma. Ukivuka mpaka kwenda kwa jirani zetu Wakenya utakuta Safaricom peke yake imeshika zaidi ya sita katika kila kumi. Kwa hesabu hiyo ushindani wetu umenawiri, na mimi sina ugomvi na hesabu hiyo. Ila hiyo ni hesabu ya nchi nzima, na hakuna mtu anayepiga simu akiwa nchi nzima. Mtu hupiga akiwa mahali: kwenye kona fulani, kitongoji fulani, chini ya mwembe fulani.

Vijana wanivumilie nirudi nyuma kidogo, halafu tutasonga.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu nalo likavunjika, na sisi tukaunda letu, Shirika la Posta na Simu. Waliokuwa na umri wakati ule wanakumbuka simu ya mezani ilivyokuwa kitu cha kuombea. Uliandika maombi, ukasubiri, ukaendelea kusubiri. Ukiipata, uliifunga kikufuli kidogo kwenye ile duara ya kuzungushia namba, watoto na majirani wasije wakakumaliza kwa bili. Nyumba moja yenye simu ilikuwa simu ya mtaa mzima, na mwenye nyumba akageuka tarishi: "Mama fulani, kaka yako amepiga, kasema atapiga tena saa kumi."

Sheria mpya ya mawasiliano ikapitishwa mwaka 1993, na Januari 1994 shirika lile likagawanywa: barua zikaenda Shirika la Posta, simu zikaenda kampuni mpya ya TTCL; akiba zilikuwa zimeshatangulia kwenda Benki ya Posta. Ikaundwa pia Tume ya Mawasiliano ya kuwasimamia. Milango ikaanza kufunguka. Mobitel ikaja na simu za mkononi katika miaka hiyo ya tisini, ikafuata Tritel, ambayo leo ukiitaja mbele ya kijana atadhani ni dawa ya kikohozi. Zantel ikaanzia Zanzibar mwaka 1999. Vodacom ikaingia mwaka 2000.

Hapa ndipo pana kituko ninachokipenda. Mwaka 2001 Serikali iliuza asilimia 35 ya TTCL kwa wawekezaji wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Ili wanunuzi wasiogope, wakapewa miaka minne ya kutobughudhiwa: hakuna mwingine kuruhusiwa kuendesha simu za waya hadi mwaka 2005. Fikiria shamba ambalo mwenyewe ameweka mlinzi mkali getini, mwenye mbwa na tochi, huku upande wa nyuma hakuna ua. Washindani hawakuhangaika na waya. Walipita hewani. Miaka minne ilipotimia na geti likafunguliwa, hapakuwa na umati uliokuwa ukingoja nje. Waliotaka kuingia walishaingia zamani, wamejenga minara na wanauza vocha za kukwangua hadi kwa muuza karanga. TTCL yenyewe ilishazaa kampuni ya mkononi, Celtel, iliyokuja kuachana na mzazi wake mwaka huohuo wa 2005, kisha ikaitwa Zain, kisha Airtel. Kisa cha mtoto huyo nitakirudia.

Nilichojifunza katika kisa hicho ni kwamba msimamizi anaweza kukesha akilinda mlango ambao hakuna anayeutaka. TCRA, iliyochukua mwaka 2003 nafasi ya Tume hiyo ya Mawasiliano na ya tume ya utangazaji, nadhani ilijifunza hivyohivyo. Mwaka 2005 ikatoa mfumo mpya wa leseni usiouliza tena kama unatumia waya, hewa au setilaiti. Ulikuwa na mafungu manne: mwenye miundombinu, mwenye kuendesha mtandao, mwenye kuuza huduma, na mwenye maudhui. Ulikuwa uamuzi wa karatasi tu, lakini ulitufikisha mbali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, limebadilisha maisha ya mwenye simu kuliko tangazo lolote lililobandikwa barabarani, na ambalo watu wengi hawajawahi kulisikia. Linaitwa ada ya mwingiliano.

Ichukue pantoni ya Kigamboni. Tuseme upande wa Magogoni ni wa bwana mmoja, na upande wa Kigamboni ni wa bwana mwingine, kila mmoja na gati lake. Wewe unapandia Magogoni, nauli unamlipa bwana wa Magogoni. Lakini ili ushuke ng'ambo, bwana huyo lazima amlipe mwenye gati la pili, kwa kila kichwa. Simu ndivyo zinavyokwenda. Ukimpigia mtu wa kampuni nyingine, kampuni yako inakukata wewe, kisha inailipa kampuni ya yule uliyempigia kwa kila dakika, kwa sababu simu imeshukia kwake. Kwetu anayepokea halipi. Kwa hiyo gharama ya kushusha inamrudia anayepiga, ingawa haioni kwenye salio lake.

Swali ni nani apange bei ya gati. Useme soko lipange lenyewe? Haya, tazama. Mimi nataka kuzungumza na shangazi. Shangazi yuko kwenye kampuni fulani. Siwezi kusema gati la kampuni hiyo ni ghali, ngoja nishukie kwingine. Kwingine shangazi hayupo. Hata kampuni iliyo ndogo kuliko zote inao ukiritimba juu ya wateja wake yenyewe. Na anayeumia bei ikipanda ni mteja wa kampuni nyingine, ambaye hana pa kumlalamikia mwenye gati. Katika hali hiyo soko halipangi kitu. Ndiyo maana karibu kila nchi bei hii imeishia mezani kwa msimamizi.

Bei ya gati ilipokuwa juu, zaidi ya shilingi 100 kwa dakika, maisha yetu yalijipanga kuizunguka. Hapo ndipo ilipozaliwa kubipu. Kijana unayenisikiliza huenda hukuwahi kubipu kwa dhati. Kubipu ilikuwa lugha kamili: bipu moja nimefika salama, bipu mbili nipigie, bipu tatu mfululizo kuna msiba au mwenye nyumba yuko mlangoni. Watu waligombana kwa kupokea bipu kwa bahati mbaya na kumla mwenzao salio la mwisho.

Hapo ndipo zilipozaliwa pia zile namba tatu ukutani. Angalia vibao vya zamani vya mafundi: fundi jokofu, piga 0754, au 0713, au 0784. Fundi mmoja, jokofu moja, namba tatu, kwa sababu mteja wa kampuni hii asingempigia fundi wa kampuni ile. Simu za Kichina za laini mbili, na nyingine za laini tatu, ziliuzwa kama maandazi kwa sababu hiyohiyo. Sasa unaelewa zile laini nyingi kuliko watu zilianzia wapi. Wengi wetu hatukupenda kampuni tatu. Tulikuwa tunakwepa magati matatu.

Mwenye faida katika hali hii ni kampuni kubwa. Ndani ya uzio wake simu ni rahisi, kuvuka nje ni ghali. Basi unajiunga na kampuni waliyomo ndugu zako wengi, na ndugu zako wanajiunga uliyomo wewe, na uzio unazidi kupanuka bila mnara mmoja kuongezwa ubora.

Machi 2013 TCRA ikashusha ada hiyo hadi shilingi 34.92 kwa dakika, na ikapanga iteremke ngazi kwa ngazi hadi 26.96 mwaka 2017. Mwaka 2018 ikatelemshwa tena hadi 15.60, na ngazi za mbele zikaandikwa mapema, hadi ilipofika shilingi 2 mwaka 2022. Shilingi mbili! Pipi ni ghali zaidi. Hakukuwa na sherehe wala fulana zilizogawiwa. Lakini hebu kumbuka lini kwa mara ya kwanza uliona kifurushi kilichoandikwa dakika za mitandao yote ukaacha kuuliza unayempigia yuko kampuni gani. Uzio uliporomoka kwa tarakimu zilizoandikwa kwenye waraka ambao wengi wetu hatutausoma. Sisemi ni hilo peke yake. Halotel ya Wavietnamu iliingia mwaka 2015 na kuwakimbiza waliokuwa wamekaa vizuri. Lakini Halotel yenyewe ingewezaje kuuza laini ya kwanza kama kila simu ya mteja wake mpya ingelazimika kushukia kwenye gati la shilingi mia?

Lawama yangu kwa TCRA hapa ni ucheleweshaji tu. Miaka ile ya shilingi mia na zaidi ililipwa na watu wa kubipu.

Kenya walifanya jambo hilihili mapema kuliko sisi. Julai 2010 msimamizi wao alikata ada hiyo kwa nusu, kutoka shilingi 4.42 za Kenya hadi 2.21, na mwezi uliofuata Zain ikatangaza simu kwa shilingi 3. Vita vya bei vikawaka. Ngazi iliyokuwa ifuate ikasimamishwa. Kampuni ya nne, iliyokuwa ikiuza huduma kwa jina la Yu, ikaondoka mwaka 2014, wateja wakaenda Airtel na mitambo ikaenda Safaricom. Na Safaricom ikabaki palepale juu. Bei ya gati ilishuka, lakini watu hawakutoka uani. Kwa nini? Kwa sababu wakati ule laini haikuwa tena simu. Ilikuwa pochi, pesa ya mtu ilikaa humo.

Kwetu pochi ina historia tofauti, na hapa nawapa kampuni sifa zao. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kutumiana pesa moja kwa moja, pochi kwa pochi, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Tanzania ikawa kati ya nchi za kwanza duniani kufika hapo. Kabla ya hapo, ukimtumia mtu wa kampuni nyingine alipata ujumbe wenye namba ya siri, akaenda nao kwa wakala kutoa taslimu, pesa yote kwa mara moja. Makubaliano haya hayakuletwa na amri. Kampuni zilikaa mezani zenyewe, shirika la IFC la Benki ya Dunia likiwasaidia kuandika masharti, Benki Kuu ikiangalia kwa jicho la upole. Unaweza kuuliza mbona kampuni hazikukubaliana vivyo hivyo kwenye dakika za simu. Nadhani kwenye pesa zilikubaliana kwa sababu hapakuwa na aliyekuwa ameshinda. Kila mmoja alikuwa na kipande, na kipande peke yake hakikununua kitu. Mshindi hana haja ya meza.

Kwa hiyo leo ukimwambia mtu, nitumie elfu ishirini na ya kutolea, humwambii kwanza atafute laini ya kampuni yako. Hilo si dogo. Serikali nayo ilipoona pesa zinapita pale kwa wingi ikaja Julai 2021 na tozo ya miamala, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, na wananchi wakalalamika mpaka ikapunguzwa, tena zaidi ya mara moja. Lakini tozo ni mada ya siku nyingine, nikiianza hatutamaliza.

Kuhama mtandao bila kubadili namba nako kulikuja, Machi 2017. Palikuwa na matangazo, mabango, na maneno mazito kuhusu uhuru wa mteja. Waliohama ni wachache ukilinganisha na mamilioni ya laini. Wataalamu walitafuta sababu nyingi. Mimi naona moja inatosha. Mtu mwenye laini tatu hahami. Akiudhika na mmoja anampumzisha chini ya godoro, anamchomeka mwingine. Dawa ilifika mgonjwa akiwa ameshajitibu kwa mitishamba.

Sasa vifurushi. Hapa TCRA na mimi hatukubaliani sana.

Machi 2021, baada ya malalamiko mengi ya bando kuyeyuka, TCRA ilitoa kanuni mpya za vifurushi zianze kutumika Aprili 2. Ndani yake kulikuwa na mambo ya maana: mteja aarifiwe bando linapokaribia kuisha, aweze kumhamishia mwenzake kiasi alichobakiza, kifurushi kisibadilishwe ghafla bila kukaa sokoni kwa miezi mitatu. Siku yenyewe ikafika. Watu wakafungua menyu wakakuta bei zimepaa. Waliokuwa wakipata intaneti ya siku nzima kwa hela ya chapati mbili wakapata ya kufungulia picha tano. Mitandao ya kijamii ikawaka moto, na Serikali ikasimamisha bei mpya, waziri wa wakati ule, Dokta Faustine Ndugulile, akalazimika kujitokeza kueleza.

Kiini cha mgogoro ule ni neno bei elekezi. Kwa mujibu wa TCRA, MB moja ilitakiwa kuuzwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35. Kila mtu alitazama ile ya juu, maana dari ndilo linaloogopesha. Mimi nilitazama sakafu. Shilingi 2.03 kwa MB maana yake GB moja haikuweza kuuzwa chini ya shilingi 2,000 na kitu. Kampuni ilipotaka kukuuzia kwa 1,500, kanuni ilisema hapana. Msimamizi aliyewekwa ili mteja apate bei nafuu akageuka mtu wa kumzuia muuzaji asishushe.

Nisiwe mwonevu. Sakafu ina hoja yake. Kampuni yenye mtaji mkubwa inaweza kuuza kwa hasara mwaka mzima, ikawafilisi wadogo, kisha ikabaki peke yake na kupandisha inavyotaka. Tritel haikufa kwa kupenda. Zantel nayo iliishia mikononi mwa Tigo, na Tigo yenyewe ikauzwa, siku hizi inaitwa Yas. Idadi ya wachezaji inaweza kupungua kimyakimya. Lakini kama hofu ni hiyo, basi msimamizi ainyooshee kidole kampuni anayoishuku, atoe hesabu hadharani, aishtaki kwa kuuza chini ya gharama, na Baraza la Ushindani lipo kusikiliza rufaa. Kuwawekea wote sakafu moja ni kuliadhibu darasa zima kwa sababu mmoja huenda akapiga kelele. Kwenye gati TCRA ilikuwa na sababu, kwa kuwa mteja hana njia nyingine. Kwenye kifurushi mteja wa Kariakoo ana kampuni tano mbele yake. Msimamizi amwache achague.

Mteja wa Kariakoo, nimesema. Nitamrudia wa Kilosa.

Kabla ya hapo, kile kisa cha mtoto wa TTCL. Mwaka 2016 Serikali ilizirudisha zile asilimia 35 za hisa za TTCL kwa shilingi bilioni 14.9, ikaimiliki tena yote. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria mpya ya kuifanya shirika la umma, nalo ndilo linaloendesha pia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Desemba 2017 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba Airtel ni mali ya TTCL. Mazungumzo yakawa marefu, na Januari 2019 ikakubaliwa Serikali ipande kutoka asilimia 40 hadi 49 za Airtel, Bharti ya India ikibaki na 51. Kwa upande wa mapato ya nchi, wengi walipiga makofi, na mimi sina mkono wa kuwazuia. Ila tazama uwanja ulivyo sasa. Serikali inaye mchezaji wake, TTCL. Ina karibu nusu ya mchezaji mwingine. Ina barabara kuu ambayo wachezaji wanapitisha data zao. Na refa anateuliwa na mamlaka hiyohiyo. Sijasema refa anapendelea. Nasema mashabiki wa timu nyingine wana haki ya kumwangalia mara mbili kila anapopuliza filimbi, na dawa ya macho hayo ni refa kueleza maamuzi yake kwa maandishi, na tarakimu zake, kama alivyofanya kwenye ada ya mwingiliano.

Haya. Kilosa.

Ulianzishwa mfuko kwa sheria ya mwaka 2006, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaochangiwa na kampuni za simu na washirika wengine, kwa ajili ya maeneo ambayo hesabu ya biashara haifiki. Mfuko unatangaza kata, kampuni zinaomba, anayeshinda anapewa ruzuku na anajenga mnara. Ni kazi njema, nimeiona kwa macho. Lakini fikiria mazao yake. Penye kampuni sifuri pamekuwa na kampuni moja. Kwa mwenye mgonjwa usiku, tofauti ya sifuri na moja ni kubwa kuliko tofauti ya moja na tano. Nalijua hilo. Ila baada ya hapo moja inakaa hivyo miaka na miaka, kwa fedha ambazo kwa sehemu ni za wote.

Ya pili haiji kwa sababu za kueleweka. Mnara wa mlimani unakula dizeli. Fundi anafika kwa pikipiki, na masika hafiki. Wateja ni mia kadhaa, wanaweka vocha ya mia tano mia tano. Kanuni za kutumia miundombinu kwa pamoja zipo, na kampuni kama Helios Towers hazina mteja hata mmoja wa simu, kazi yao ni kukodisha nafasi juu ya mnara. Hata hivyo nafasi juu ya mnara ni sehemu tu ya gharama. Mpangaji wa pili bado anunue mitambo yake, umeme wake, na njia ya kurudisha mawimbi mjini. Mimi ningependa mnara uliojengwa kwa ruzuku uwe na sharti jingine: kwamba kwa eneo lake, laini ya kampuni yoyote ishike, na mwenye mnara alipwe bei ya gati iliyopangwa na msimamizi. Kigamboni tena. Ukijengewa gati kwa mchango wa watu wote, pantoni zote zishushe hapo.

Na zile takwimu za kila robo mwaka, ningeziomba kwa kata. Siyo laini ngapi. Kampuni ngapi zinashika, na zinashika kwa kasi gani.

Nilikwenda tena kwa shangazi mwaka jana. Mnara umesimama mlimani, taa nyekundu juu yake inaonekana tangu ukiwa barabarani. Shangazi hatembei tena kwenda Kwa Simu, anapokelea jikoni, na sauti yake ameishusha, siri zake sasa ni zake. Nikadhani mwembe umestaafu. Jioni nikapita pale, nikakuta vijana kumi na zaidi, wengine juu ya matawi, nyuso zao zimemulikwa na vioo vya simu. Nikauliza, nyie, si mnara uko kule? Mmoja akanijibu bila kuinua macho kwamba mnara ni wa kampuni ile ile ya zamani, na bando lake ghali. Lakini kampuni nyingine imejenga ng'ambo ya bonde, kijiji cha tatu, na mawimbi yake yanafika hapa, kwenye mwembe tu, upande unaotazama bonde. Ndiyo maana kila mmoja amenunua laini ya pili.

Nikarudi kumhadithia shangazi. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Basi uwaambie wakishuka wasivunje matawi, msimu wa embe umekaribia."